Mti Wenye Alama ya Buluu

Katika maisha yangu yote sikuwahi kuingia msituni bila sababu. Nianzie hapo ili tuelewane. Kwetu Kasulu, mtu akikuona unaingia msituni atakuuliza unakwenda kufanya nini, na wewe utakuwa na jibu: kuni, asali, dawa ya tumbo, mbuzi kapotea, au umebanwa. Ukimjibu kwamba unatembea tu, ataondoka pale moja kwa moja hadi kwa mkeo, amwambie akuangalie vizuri, kuna jambo.

Sasa huku Lanham, Amerika, nimeletwa na binti yangu baada ya mama yake kufariki. Siku moja tukatoka kwa daktari, binti akaniambia sukari imepanda, daktari anataka nitembee.

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote, baba. Utembee tu."

"Popote si mahali, mwanangu."

Nikajaribu kuzunguka maegesho ya magari ya majengo yetu. Siku ya tatu mama mmoja akafungua dirisha kuniuliza kama nimepoteza gari. Mimi gari sijawahi kuwa nalo, hata la kupoteza. Nikarudi ndani nikakaa.

Ndipo binti akapata wazo la msitu. Kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani mwao, na wakati ule alikuwa na mzee mmoja wa Kimarekani kule Beltsville. Karibu na nyumba ya yule mzee kuna msitu wenye njia ya watu kutembea. Kwa hiyo asubuhi za Jumanne na Ijumaa ananishusha mimi pale, anakwenda kazini, saa sita ananipitia. Kule anamwogesha yule mzee, anampikia uji, anamsomea gazeti. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba mzee mmoja anasomewa gazeti na mzee mwingine anashushwa porini na chupa ya maji.

Lakini kabla sijaingia msituni lazima niseme habari ya kinu, maana bila kinu haya mengine hayana maana.

Chini yetu, ghorofa ya kwanza, anakaa mama mmoja wa Kikongo, mjane kama mimi, mtu wa Uvira. Sisi wa Kigoma na wao ni majirani tangu zamani, ziwa tu ndilo limekaa katikati. Ana sauti ya kwaya na mdomo wa soko. Jumamosi alikuwa anasaga sombe, yale majani ya muhogo ambayo sisi tunaita kisamvu, kwenye mashine ya umeme. Ile mashine ikilia, vikombe vyetu huku juu vinacheza. Siku moja nikashuka kulalamika, akanikaribisha kiti na sahani, nikasahau kulalamika. Ila nikala, nikasema ukweli: hii sombe imekatwakatwa, haikutwangwa. Majani ya muhogo ukiyakata yanakasirika. Ukiyatwanga ndiyo yanalainika.

Akaweka mikono kiunoni. "Papa, weye unazani miye sijue? Kinu iko wapi? Nipe kinu leo, nikutwangie leo."

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshiba, nikasema: "Kinu? Mama, mimi ndiye fundi wa vinu. Kasulu nzima wanawake wametwanga kwenye vinu vyangu."

Hapo sikudanganya, ila niliongeza kidogo. Kasulu nzima ni kubwa. Tuseme nusu ya kata yetu. Shule niliacha darasa la pili, si kwa ujinga, mwalimu alinituma nikamtafutie mpini wa jembe, nikakaa kwa fundi nikitazama tezo inavyokula mti, sikurudi tena. Hadi leo yule mwalimu hajapata mpini wake. Tezo, kama hujaiona, ni kama jembe dogo lenye makali, unachimbia mti nalo. Kichwa cha tezo yangu nilikuja nacho huku ndani ya sanduku, bila mpini, nimekifunga kwenye kanga ya marehemu mke wangu. Uwanja wa ndege walikitoa, wakakizungusha, wakaniuliza ni nini. Nikawaonyesha kwa vitendo. Wakarudi nyuma hatua mbili.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Yule mama akanitazama sana, kisha akanieleza jambo lake. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba. Kwa kawaida ya Wakongo, ukoo wa mwanamume unakuja kwa dot, yaani kutoa mahari, na wanawake wazima wa upande ule wanakaa, wanaonja chakula, wanaangaliana. Walikuwa wanakuja Pasaka.

"Bale bamama bataonja sombe ya mashine," akasema, "batajua mara moja. Batasema, huyu mutoto mama yake hajamufundisha kitu. Papa, kama weye ni fundi kweli, nitengenezee kinu. Kama ni bongo, sema leo."

Bongo kwao ni uongo. Nami nilikuwa na miaka zaidi ya minne huku Amerika bila mtu yeyote kuniomba nifanye kitu chochote, isipokuwa kutembea. Mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka nikishika kikombe. Nikajiambia, kinu kimoja tu, kabla mikono haijanikataa kabisa.

"Pasaka utatwanga," nikasema. Tulikuwa mwezi wa kumi. Gogo nitalipata wapi, sikujua.

Basi sasa tuingie msituni.

Ijumaa ya kwanza nilivaa koti la binti yangu, la waridi, kwa sababu langu lilikuwa linafuliwa. Nikasimama mwanzo wa njia kama mtu anayebisha hodi. Nilivyozoea mimi, msitu una kelele: nyani, ndege, mtu anapiga mluzi asikanyagane na nyoka. Huu ulikuwa umenyamaza. Majani yalikuwa yanaanguka yenyewe, moja, halafu jingine, kama watu wanaotoka kanisani bila haraka. Kwa mbali sana barabara kubwa ya magari ilikuwa inavuma, ukiisikiliza kwa muda unaanza kuiona kama upepo. Paa watatu walinitazama wakaendelea kula. Paa wa kwetu hana muda huo. Nikaona aibu kidogo, nimewakuta mezani na koti la waridi.

Na miti! Nakwambia mimi fundi: minene, imenyooka, mirefu mpaka shingo inauma. Nikawa nagonga mmoja mmoja kwa ngumi nikiusikiliza. Mti wa kinu unaujua kwa sauti, unajibu kwa kifupi, haupigi mwangwi. Ndipo nikaona ile alama. Kwenye gome, usawa wa uso wangu, mtu amepaka mstari wa rangi ya buluu, mrefu kama kiganja. Nikatembea kidogo, mti mwingine, mstari wa buluu. Mbele tena. Na tena.

Nikaelewa yote papo hapo.

Hapa lazima nikwambie habari ya nyumba ya kaka yangu. Watu wa barabara walipita kijijini kwetu wakapaka alama ya X nyekundu kwenye kila nyumba inayotakiwa kubomolewa. Ya kaka ilipata X kubwa karibu na mlango. Akaacha kupiga lipu. Akaacha kuziba bati linalovuja. Binti zake wakiolewa, sherehe zinafanyika kwa jirani. Miaka mingi alikaa ndani ya nyumba iliyohukumiwa, kila siku anangoja tingatinga, na mwisho barabara ikapita upande wa pili wa kilima. Alilia siku ile, na hatukujua kama ni kwa furaha. Kwa hiyo mimi na watu wote wa kwetu tunajua: kitu cha serikali kikipakwa rangi, kinakwenda.

Basi miti ile ilikuwa inakwenda. Nikaihurumia, kisha, nisikufiche, nikaanza kuichagua. Palikuwa na mmoja karibu na daraja la mbao, juu ya kijito, shina la kukumbatiwa na watu wawili, alama yake ya buluu imekaa vizuri kabisa. Nikaugonga. Ukajibu kwa kifupi. Nikasema, wewe ndiye. Watakuja na misumeno yao, nitakuwa nimesimama hapa, nitawaomba kipande cha urefu wa goti. Nani atamnyima mzee kipande cha mti na wao wana msitu mzima wa kukata?

Jioni nikashuka kwa yule mama. "Gogo nimepata. Bado tu kukatwa."

"Batakata lini?"

"Wakati wowote."

Jumanne akaja na mimi kuuona. Alivaa vitenge viwili juu ya suruali na kofia ya sufu ya mwanawe, akabeba chupa ya chai na mikate ya kukaanga ndani ya sahani iliyofungwa leso. Binti yangu kwenye gari alitutazama kupitia kioo kile cha mbele, akatabasamu peke yake. Nikajifanya nasoma vibao vya barabarani.

Mama alipoona alama za buluu akashika mdomo. "Yesu wangu. Hii miti yote batakata?"

"Yote yenye rangi."

"Hata hii kidogo?"

"Serikali haina huruma, mama."

Tulipofika kwenye mti wetu akauwekea mkono, akafumba macho, akauombea. Si ombi fupi. Aliuombea yule mti, na ndege wake, na mtu atakayeukata asijikate mguu, na mwisho akaomba wakate kabla ya Pasaka. Tukaketi kwenye daraja tukanywa chai.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Jumanne na Ijumaa, wiki kwa wiki, tunakwenda kungoja watu wa misumeno. Nilichukua kamba nikaupima mti hadi kimo cha goti, nikafunga fundo hapo, kamba ikakaa mfukoni. Majani yakaisha juu yote yakawa chini, tukawa tunatembea ndani yake mpaka kwenye vifundo vya miguu, mama anayapiga teke kama binti wa shule halafu anaangalia kama nimeona. Kuna mzee mmoja wa Kizungu mwenye darubini shingoni, kazi yake kutazama ndege. Kila tukikutana naye mama alimshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia "pole sana" kwa ajili ya msitu wake. Yule mzee hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alianza kuvua kofia akituona kwa mbali.

Mwezi wa kwanza ukaja na theluji. Msitu ulivyokuwa kimya siku ile, nilisikia tumbo la mama likinguruma akiwa hatua kumi mbele. "Usiseme kitu, papa," akasema bila kugeuka. Nikajifanya naangalia miti. Ila alama za buluu zilikuwa zimekaa pale pale juu ya weupe, na hakuna mtu aliyekuja na msumeno.

Mama akaanza kunichokoza. "Papa, weye ni fundi ya mudomo."

"Subira, mama."

"Subira haitwangi. Bale bamama ba Pasaka banashona nguo sasa."

Usiku nilikuwa nalala nikiwaona wale wanawake wamekaa mstari mmoja na vijiko. Nikaanza kukasirikia serikali ya Maryland kwa uvivu. Mnahukumu miti mwezi wa kumi, mpaka mwezi wa tatu hamjatekeleza!

Halafu Ijumaa moja tukamkuta mtu. Binti yangu alikuwa na sisi, kwa kuwa yule mzee wake alikuwa amekwenda kwa mwanawe. Mtu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kisibau cha rangi kali, amesimama kwenye mti wetu, wetu hasa, ana kopo na brashi. Anapaka ile alama upya. Buluu mbichi inang'aa.

"Wamefika!" nikamwambia mama. Nikamsukuma binti. "Mwambie baba yako ni fundi. Mwambie naomba kipande cha urefu wa goti, nina kamba ya kipimo hapa. Muulize watakata leo au Jumatatu."

Binti akauliza. Yule mwanamke akakunja uso, akauliza kitu, binti akajibu, akaniangalia, akaniuliza polepole: "Baba, nani amekwambia hii miti inakatwa?"

"Si imepakwa rangi?"

Binti yangu, ambaye nimemlea kwa adabu, akakaa chini juu ya majani. Alicheka mpaka akashika mti. Kila akijaribu kusema anaanza tena. Mwisho akasema, "Baba, hii rangi ni ya njia. Mtu akifuata buluu hapotei. Hakuna mti utakaokatwa. Hata kijiti kilichoanguka huruhusiwi kuchukua."

Yule mwanamke wa brashi, alipoelezwa, naye akaanza kucheka. Halafu akasema kitu kwa upole, binti akatafsiri: kwamba yeye hujitolea tu kupaka, na kwamba siku zote hudhani hakuna mtu anayezitazama zile alama.

Mimi sikumtazama mama. Nilitazama viatu. Miezi mitano nimemwahidi mti ambao kazi yake ni kuonyesha njia.

Ndani ya gari mama hakusema neno. Mama yule, kimya! Tulipita taa ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikasikia kiti chake kinatikisika nyuma yangu. "Papa," akasema, sauti imebanwa, "tulizika miti iko hai." Na akacheka mpaka Lanham. Lakini aliposhuka, kabla hajafunga mlango, akaacha kucheka, akasema taratibu: "Itakuwa ya mashine tu. Si neno." Hilo "si neno" lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Sikutoka nje siku nne. Binti akinihimiza tukatembee, nasingizia goti.

Jumatano asubuhi nikasikia mngurumo nyuma ya majengo yetu. Nikachungulia. Palikuwa na mti pale karibu na mapipa ya taka, wa majani kama kiganja, aina ile wanayokamua maji yake matamu wakamwagia chapati zao nene. Nilipita chini yake kila siku sikuwahi kuugonga hata mara moja. Upepo wa juzi yake ulikuwa umeupasua. Wanaume watatu walikuwa wameuangusha tayari, na wanayaingiza matawi yake kwenye mashine yenye mdomo, inatafuna mti mzima inatema unga.

Na hakuna rangi! Nakuapia, niliutazama baadaye nikiwa na akili zangu: hata doa.

Nilishuka ngazi na ndala. Goti, sijui lilikuwa wapi. Walikuwa wameshika kipande cha shina, wanakikokota kuelekea mdomoni. Nikasimama mbele ya ile mashine nikanyoosha mikono. Wakapiga kelele kwa Kiingereza, nikapiga kelele kwa Kiswahili. Kisha nikafanya lililobaki, nikashika mtwangio ambao haupo, nikatwanga. Juu, chini, juu, chini, kwa ndala, kwenye baridi.

Mmoja wao, mfupi, mwenye kofia chini ya kofia ya kazi, mtu wa El Salvador kama nilivyokuja kujua, akazima mashine. Akanitazama. Akainua mikono yake, akatwanga na yeye. Akasema neno la kwao, akaonyesha kwa kiganja kimo cha mwanamke mfupi mzee, akajigusa kifua. Bibi yake. Nikatoa kamba mfukoni, ile yenye fundo. Akapima kwenye shina, akawasha msumeno, akakata sawasawa kwenye fundo. Walilibingirisha lile gogo wao wenyewe mpaka kwenye mlango wa mama.

Mama akafungua. Akaona gogo, akaona ndala zangu. "Papa," akasema, "huyu muti tumuombee ao amekwisha kufa?"

"Amekwisha kufa, mama. Lete chai."

Zamani kinu kilinichukua siku mbili. Hiki kilikula karibu wiki tatu, kwenye kibaraza chake cha chini, chini ya kipande cha turubai. Mpini wa tezo na mtwangio nilivichonga kwenye matawi ya mti huo huo. Mikono ilitetemeka nikishika kikombe. Nikishika tezo ilitetemeka pia, nikajifunza kusubiri mtetemo upite ndipo nipige. Jirani mmoja akaja kulalamika kelele. Mama akamkaribisha kiti na sahani. Hakulalamika tena. Usiku tulikifunga kwa gunia bichi kisipasuke, kisha nikakipaka mafuta ya kupikia, ndani na nje, siku baada ya siku.

Kiliinama. Niseme tu. Upande mmoja wa kitako nilikula zaidi, kikawa kimeegemea kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Mama akakizunguka mara mbili.

"Hii kinu inaangalia wapi?"

"Beltsville," nikasema.

Akakiwekea kadibodi chini, akatwanga. Sikumbuki kama nimewahi kusikia sauti ile tangu nifike nchi hii. Siku ya dot wale wanawake walikaa mstari mmoja kama nilivyowaota. Mkubwa wao alionja, akatafuna tena, akauliza kinu kiko wapi akione. Si kama kipo. Kiko wapi. Mama hakunitazama, lakini alinisukuma kwa kiwiko mpaka nikamwaga soda.

Bado tunakwenda msituni Jumanne na Ijumaa, sasa bila sababu yoyote, na aibu yenyewe imeniisha. Tunaugonga mti wetu tukipita. Na juzi nilipokwenda kula kwa mama, nikakuta kwenye ubavu wa kinu, usawa wa jicho la mtu aliyekaa, mstari mmoja wa buluu, wa rangi ya kucha ya binti yake, urefu wa kiganja.

"Nini hii tena?"

"Ni ya njia," akasema, akinipakulia. "Usipotee kuja kukula."